Fisi Aliyekataa Kushiba Nyumbani kwa Ambaro

Paukwa!

Pakawa!

Pakawa na nini?

Na moto, na masikio, na midomo iliyofungwa!

Hapo mmenena, ingawa hilo la midomo nalitilia shaka. Hodan, acha kutafuna kijiti, kaa vizuri.

Kwetu kwa Wasomali, mtu akitaka kusimulia husema "Sheko sheko!" na wasikilizaji humwitikia "Sheko hariri!" yaani hadithi laini kama hariri. Leo msiniitikie hivyo. Hadithi ya leo imefumwa kwa manyoya ya mbuzi, itawawasha. Bibi yangu alipoisimulia alikuwa akivunja vijiti kimoja kimoja na kuvitupa motoni, na sisi wajukuu tulikaa mbali na mkono wake. Mimi nimezeeka, vijiti nimewaachia nyinyi, lakini hasira yake nimeirithi yote.

Hapo zamani za kale, ukame uliingia katika nchi ya ngamia. Wasomali huupa kila ukame jina lake, kama mtu anavyompa mtoto jina, ili wajukuu waweze kusema fulani alizaliwa katika ukame fulani. Ukame huo uliitwa Kaa Kimya, kwa sababu hata mbuzi hawakuwa na nguvu ya kulia.

Palikuwa na kambi ya nyumba chache ndani ya ua wa miiba, na katika kambi hiyo aliishi mwanamke aitwaye Ambaro. Mumewe aliitwa Guled. Walikuwa na mtoto mmoja mchanga, binti, wakamwita Warsan, maana yake habari njema. Habari nyingine njema mwaka ule haikuwapo.

Njaa ilikausha maziwa kifuani mwa Ambaro. Akakamua, hakuna. Akamwomba Mungu, hakuna. Akanywa mchuzi wa mizizi, hakuna. Katika mifugo yao yote walibakiwa na mbuzi watatu, ngamia dume mmoja wa kubebea mizigo, na ngamia jike mmoja anayekamwa. Ngamia wa namna hiyo huitwa irman, nao walimwita hivyo hivyo, Irman, kwa kuwa hapakuwa na mwingine wa kumchanganya naye. Asubuhi na jioni Guled alimkamua, na Ambaro akamnywesha mtoto kwa kijiko cha mti. Yaliyobaki, kama yalibaki, walinywa wao.

Sasa shikeni hili: Irman akiwapo, Warsan yupo. Irman asipokuwapo, hakuna Warsan. Hata yule mdogo pale nyuma ameelewa.

Basi jioni moja akatokea Fisi. Zamani hizo Fisi alitembea kwa heshima zake, shuka begani na fimbo mkononi, akisalimia watu kama wewe na mimi. Akasimama mbele ya nyumba ya Ambaro.

"Amani katika nyumba hii?"

"Ni amani," akajibu Guled. "Karibu, mgeni. Karibu ndani."

Ambaro akamtandikia mkeka. Guled akaenda kukamua, akarudi na chombo cha maziwa. Vyombo vyetu vya maziwa husukwa kwa nyuzi za mizizi hadi tone lisipite, kisha hufukizwa moshi wa mti ndani yake, ndiyo maana maziwa yetu yana ile harufu mnayoilalamikia nyinyi mliozoea ya pakiti. Fisi akanywa yote. Akapangusa mdomo. Akasema:

"Chombo kimekwisha, tumbo halijajaa. Bado sijashiba."

Hapa sharti niwaeleze sheria yetu. Mgeni akifika, hamuulizi atokako, hamuulizi aendako, hamuulizi anachotaka. Kwanza anywe, kwanza ale. Akisema mwenyewe nimeshiba, ndipo mwenyeji humwambia "Warran," yaani toa habari. Hapo mgeni hueleza kila kitu bila kuficha: mvua imenyesha wapi, nani amekufa, nani amezaa, njia gani ina hatari. Na kwenye kutoa habari, kusema uongo ni haramu, kwa maana watu watahama kwa kufuata maneno yako, na ukiwadanganya watakufa.

Ni sheria nzuri. Imeokoa watu wengi nyikani, na wazee wangu wote wameishi kwayo. Msije mkasema bibi ameitukana.

Lakini Fisi naye aliijua. Aliijua vizuri kuliko wanasheria.

Asubuhi Guled akakamua tena. Fisi akanywa. "Chombo kimekwisha, tumbo halijajaa. Bado sijashiba."

Ambaro akatoa nyirinyiri, zile nyama zilizokatwa vipande vidogo, zikakaangwa na kuhifadhiwa kwenye samli. Alikuwa amezificha kwa ajili ya siku ya kuhama. Fisi akala nyama, akala samli, akaingiza mkono na kupangusa chombo kwa kidole. "Chombo kimekwisha, tumbo halijajaa. Bado sijashiba."

Mtoto Warsan akalia. Fisi akageuka upande wa pili. "Mtoto wenu ana kelele," akasema.

Ambaro akatoka, akaenda walikokaa wazee. Walikuwa nyuma ya zizi la ngamia, mahali pa baraza, wamekaa duara na fimbo zao magotini. Mkubwa wao aliitwa Shire, mzee mwenye ndevu zilizopakwa hina, na aliyependa sana kusikilizwa. Wanawake hawakuwa na nafasi ndani ya duara lile, kwa hiyo Ambaro akasimama nyuma yao.

"Wazee wangu, mgeni amemaliza maziwa ya mtoto. Nifanye nini?"

Mzee Shire akakohoa. "Amesema ameshiba?"

"Hajasema."

"Mgeni haulizwi mpaka ashibe. Hiyo ndiyo sheria. Mpe, binti yangu, Mungu atakuongezea."

Wazee wengine wakaitikia, "Naam, mpe."

Akarudi. Guled akachinja mbuzi wa kwanza. Fisi akala nyama, akala mifupa, akalamba kisu. "Chombo kimekwisha, tumbo halijajaa. Bado sijashiba."

Ambaro akaenda tena nyuma ya zizi.

"Wazee wangu, mgeni amemaliza mbuzi. Nyumba yangu haina kitu. Mzee Shire, basi ahamie kwako. Kwako kuna mbuzi, nimewaona asubuhi."

Mzee Shire akakohoa mara mbili. "Ningempokea kwa moyo mweupe. Ila mke wangu ana mafua."

"Basi wewe, Mzee Warfa."

"Nyumba yangu inavuja."

"Inavuja nini, mzee? Mvua gani?"

Mzee Warfa akatazama mbingu nyeupe. Mzee Shire akamaliza shauri: "Mgeni haulizwi mpaka ashibe. Hiyo ndiyo sheria. Mpe, binti yangu."

Mnaona mambo! Wazee wale walikuwa wakarimu sana. Ukarimu wao ulikuwa mkubwa, mpana, wa kusifiwa, na wote ulikuwa unatoka katika chombo cha Ambaro. Hakuna hata mmoja aliyepeleka kipande cha ngozi. Nikiwafikiria mpaka leo mkono unaniwasha. Nipeni hicho kijiti. Asante.

Guled akachinja mbuzi wa pili. Akachinja wa tatu. Fisi akala, akajinyoosha mkekani, tumbo lake sasa linagusa nguzo za nyumba. Akasema lile lile. Siwezi kulirudia, semeni nyinyi.

Chombo kimekwisha, tumbo halijajaa. Bado sijashiba!

Eeh. Hivyo hivyo, na kwa sauti mbaya hiyo hiyo.

Ambaro akaenda mara ya tatu. Safari hii hakuomba. Alisimama nyuma ya zizi akatoa shairi, kwa sababu kwetu shairi ndilo neno zito, mtu akidai haki yake kwa shairi huwezi kujifanya hukusikia. Na mashairi yetu hushikilia sauti moja inayoanza maneno, toka mwanzo hadi mwisho, kama mtu aliyeshika kamba ya kisima asiiachie. Akasema:

*Maziwa yaliyokuwapo, mgeni kayamaliza,*
*Mbuzi wangu wa mwisho, mgeni kawamaliza,*
*Mtoto wangu mchanga, machozi yamemwisha,*
*Mnangoja msiba gani, mabwana mnaokohoa?*

Wazee wakasikiliza mpaka mwisho. Kisha Mzee Shire akatikisa kichwa polepole.

"Shairi zuri," akasema.

"Mstari wa tatu umekaa vizuri sana," akasema Mzee Warfa.

"Mama yake pia alikuwa mshairi," akasema mwingine.

Wakaanza kulirudia wao kwa wao, wakibishana kama neno "machozi" lilipaswa kutangulia au kufuata. Ambaro akasimama pale, mtoto mgongoni, na mtoto hata kulia halii tena. Akawatazama, mmoja baada ya mwingine. Hakuna aliyemtazama yeye.

Akageuka akarudi nyumbani.

Huko alimkuta Guled ameketi nje, ananoa kisu juu ya jiwe.

"Baba Warsan, unanoa kisu cha nini?"

Guled hakuinua macho. "Mgeni ametaja nyama ya ngamia."

"Ngamia gani?"

Guled akaendelea kunoa.

"Ngamia gani, Baba Warsan?"

"Dume hatuwezi, nani atabeba mizigo? Ni Irman."

Ambaro akakaa chini.

"Utamuua mtoto wako," akasema.

"Unadhani sijui?" akasema Guled. Hakuwa mtu mbaya, nawaambieni. Alikuwa mtu mwema mwenye woga, na watu wa namna hiyo wamezika watoto wengi. "Mama Warsan, fikiri. Baba yangu aliimbwa visimani kwa ukarimu. Watu hawajawahi kumwona, lakini wanajua aliwachinjia wasafiri ngamia wake wa mwisho. Mimi nikimtoa mgeni na njaa yake, watanitungia shairi. Litafika kila kisima. Ngamia wakinyweshwa, wataimbiwa aibu yangu. Hata huyo Warsan akikua, hakuna atakayemwoa."

"Akikua," akasema Ambaro.

Guled akaacha kunoa.

"Na hilo shairi la mtoto aliyekufa kwa sababu baba yake aliogopa mashairi," akasema Ambaro, "hilo atalitunga nani? Wewe au Mzee Shire?"

Guled akafunika uso kwa shuka. Lakini kisu hakukiweka chini. "Ni sheria," akasema ndani ya shuka. "Maadamu yumo ndani ya nyumba, ni mgeni wa nyumba. Hajashiba. Nifanye nini?"

Kutoka ndani ikasikika sauti: "Wenyeji wangu! Huyo ngamia mmefika naye wapi?"

Kulipokucha, Guled akampeleka Irman mbele ya nyumba, akamlaza, akamfunga magoti. Wazee wakaja kushuhudia, kwa sababu kuchinja ngamia ni jambo kubwa, na kwa sababu walitarajia kipande cha nundu. Eeh, msishangae. Siku ya maziwa hawakuja, siku ya nundu wamekuja.

Ambaro alikuwa ndani. Alimfunga mtoto mgongoni vizuri. Akanyoosha mikono juu, akafungua fundo la kwanza.

Sasa nawaeleza kuhusu nyumba, maana wengine hapa mnajua nyumba za mabati tu. Nyumba ya mfugaji wa Kisomali ni fito zilizopindwa na mikeka iliyosukwa. Anayesuka mikeka ni mwanamke na mama yake na mashangazi zake, miezi na miezi kabla ya arusi. Anayepinda fito ni mwanamke. Anayesokota kamba ni mwanamke. Anayeisimamisha ni yeye, na siku ya kuhama anayeibomoa na kuipandisha juu ya ngamia ni yeye. Mwanamume huingia humo kama nilivyoingia mimi mjini, kwa hisani ya mwenye nyumba.

Ambaro akavuta mkeka wa kwanza. Jua likaingia likampiga Fisi jichoni.

"Mama mwenye nyumba! Unafanya nini?"

Akavuta mkeka wa pili. Jua likampiga tumboni.

"Mama! Kuna jua!"

Akavuta mkeka wa tatu, na nusu ya nyumba ikawa mbavu tupu. Watu wote wa kambi sasa walimwona Fisi alivyolala, tumbo hadi dari, pembe za mbuzi kando yake na kijiko cha mtoto katikati ya meno, anachokolea.

Guled akaja mbio, kisu mkononi. "Mama Warsan! Mimi sijasema tunahama!"

"Ni kweli, hujasema." Akaendelea kufungua mafundo. "Mikeka hii, uliisuka wewe?"

"La."

"Fito hizi, ulizipinda wewe?"

"La."

"Kamba hizi, ulizisokota wewe?"

"La, lakini..."

"Basi wewe baki. Kaa hapo na mgeni wako, kwenye uwanja. Mimi na nyumba yangu tunahama."

Mzee Shire akasogea na fimbo yake, amekasirika mpaka hina imeng'aa. "Binti! Unamvunjia mgeni heshima! Kuna sheria!"

Ambaro akamgeukia. Mara ya kwanza alisimama nyuma yake, mara ya pili nyuma yake, mara ya tatu nyuma yake. Safari hii walitazamana uso kwa uso.

"Mzee wangu, na niiseme mimi hiyo sheria, nawe unisahihishe. Mgeni ni mgeni wa nani? Wa mti? Wa barabara?"

"Mgeni ni wa nyumba," akasema Mzee Shire.

"Na mtu asiye ndani ya nyumba yoyote, anayekutana nawe wakati mizigo iko njiani, huyo anaitwaje?"

Mzee Shire akakohoa.

"Usikohoe, mzee. Anaitwaje?"

"Msafiri," akasema Mzee Shire.

"Na msafiri akikutana na msafiri mwenzake njiani, wanaambiana nini? Wanangoja kushiba?"

Hapo wazee wakatazamana. Kila mtu alijua jibu, hata watoto. Njiani hakuna kungoja, maana anaweza kuwa anatoka mahali pa vita au pa ugonjwa. Njiani neno la kwanza ni habari.

Ambaro akavuta ufito wa mwisho. Nyumba yote ikalala chini, ikawa mzigo. Fisi akabaki amekaa katikati ya mchanga mtupu, shuka limemponyoka, mkia uko nje. Wanawake wa kambi walikuwa wamekwisha fika. Mke wa Mzee Shire alikuwa mbele, mzima kabisa, hana hata chafya.

Ambaro akachukua kijiko cha mtoto kutoka mdomoni mwa Fisi. Akakipangusa kwa nguo yake. Akasema:

"Msafiri, warran. Toa habari. Unatoka wapi?"

Fisi akaangalia wazee. Wazee hawakuweza kumsaidia. Ilikuwa sheria ile ile, na mtu aliyejificha nyuma ya sheria hawezi kuikana mbele ya watu.

"Natoka... natoka kambi ya Vilima Viwili," akasema.

Mzee Warfa akaruka. "Vilima Viwili! Dada yangu yuko huko! Amani yao?"

"Walikuwa watu wakarimu," akasema Fisi.

"Sikuulizi ukarimu wao. Amani yao? Wazima?"

Fisi akalamba midomo. "Walinipokea vizuri sana. Walinipa maziwa. Walinipa mbuzi. Walinipa ngamia. Hawakuniuliza neno baya."

"Wako wapi sasa?" akauliza Mzee Warfa, na sauti yake ilikuwa ndogo.

"Walikuwa watu wakarimu," akarudia Fisi. "Mpaka wa mwisho wao."

Mzee Warfa akakaa mchangani. Fimbo ikamtoka mkononi, akaweka paji la uso juu ya magoti, na kilio chake kilisikika mpaka nje ya ua.

Ambaro akauliza tena, kwa sababu kutoa habari hakuishii katikati. "Na kabla ya Vilima Viwili?"

"Kambi nyingine."

"Na baada ya kwetu?"

Fisi akamtazama Irman aliyefungwa magoti, kisha akatazama mgongo wa Ambaro, alipokuwa mtoto.

Basi! Ambaro aliinua ufito, ule mrefu wa katikati unaoshika paa. Na mke wa Mzee Shire akainua ufito. Na wanawake wote wakainua fito. Fisi akasema, "Mimi ni mgeni!" Paa! "Mimi ni mgeni!" Paa! "Mimi ni mge..." Paa! Ufito wa Ambaro ukamkuta kiunoni, na tangu siku ile Fisi hutembea ameshusha makalio, mtu akimwona hudhani anataka kukaa. Akaruka ua wa miiba, akaacha shuka lake juu ya miiba, akaacha fimbo, akaacha heshima.

Guled alikuwa bado amesimama na kisu. Akapiga magoti karibu na Irman. Watu wakadhani atachinja kwa mazoea. Akakata kamba.

Irman akainuka, akajikung'uta mchanga. Guled akatafuta chombo, akakamua. Maziwa yalikuwa machache, yalifunika kitako tu cha chombo. Akayaleta kwa mkewe kwa mikono miwili, kama mgeni anavyoletewa. Ambaro akakaa juu ya mzigo wa nyumba yake, akamshusha mtoto, akamnywesha kijiko kimoja. Warsan akameza. Kijiko cha pili, akameza. Kijiko cha tatu, akashika kijiko kwa mkono wake mwenyewe, akakivuta, akalia kwa hasira kuwa kinachelewa.

Kambi yote ikasikia kilio hicho. Wanawake wakapiga vigelegele.

Mzee Shire akakaribia. Akasema kwa sauti ya baraza, "Naona ni vizuri tukakutana kujadili jambo hili, ili sheria yetu..."

"Sheria haina kosa, mzee wangu," akasema Ambaro bila kumtazama. "Mkutano wenu fanyeni. Lakini safari hii mtakaa pale ninapoweka nyumba, nami nitakaa ndani ya duara."

Akapandisha fito juu ya dume la mizigo, zikapinda pande zote mbili kama pembe. Akapandisha mikeka, akapandisha vyombo, akaweka mtoto juu, akashika kamba ya ngamia. Mke wa Mzee Shire naye alikuwa anafungua mafundo ya nyumba yake. Na mke wa Mzee Warfa. Nyumba zikalala moja baada ya nyingine, na wale wazee wakabaki wamesimama uwanjani bila kivuli, wakitazama nyumba zao zinavyoondoka bila wao. Wakaokota fimbo zao, wakafuata nyuma. Wangefanya nini?

Wakahama kufuata mawingu. Kama waliikuta mvua haraka au la, hilo bibi yangu hakuniambia, ila aliniambia Warsan alikua, akaolewa, akasuka mikeka yake mwenyewe, na mimi ni wa uzao wake. Kama Irman angechinjwa, nani angekuwa anawakemea hapa?

Na funzo lake ni hili, sitaki mtu aniambie hakulisikia. Mpe mgeni maziwa, mpe mahali pa kulala, usimuulize neno mpaka apumzike, hiyo ni mila yetu na ni mila nzuri. Lakini anayegeuza wema wako kuwa kamba ya kukunyonga, huyo hakuwa mgeni tangu alipopiga hodi. Na anayekuambia "mpe, mpe" huku chombo chake kimefunikwa, huyo ni ndugu yake Fisi, hata kama amepaka hina.

Hadithi yangu imekomea hapo. Iliyo tamu ndani yake gawaneni. Iliyo chungu wapelekeeni wale wazee, na mkiwakuta wanakohoa, wapeni maji ya moto na tangawizi, lakini kwenye vikombe vyao wenyewe.